Sura ya Saba: Stata Isilaumiwe Mapema

Muulize mwendesha boda wa Wote au wa Mwingi kwa nini hatumii stata ya pikipiki yake, atakuambia imekufa. Kidole gumba kimesahau kile kitufe. Kazi yote imeachiwa mguu wa kulia. Lakini ifungue hiyo stata inayosemwa imekufa, na mara nyingi utaikuta nzima. Kilichoharibika kiko mahali pengine njiani: waya ulioliwa na kutu, kichwa cha betri kilicholegea, swichi iliyojaa vumbi, au betri iliyokauka maji. Stata ndiyo hubeba lawama kwa sababu ndiyo inayotarajiwa kulia. Ndiyo maana maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi huuza stata kwa watu ambao shida yao ilihitaji msasa tu.

Sura hii ni ya pikipiki kuukuu, ile Boxer au TVS iliyokwisha kupita mikononi mwa wenyewe wawili watatu, ikabeba mkaa, mahindi, wagonjwa na wanafunzi, na nyaya zake zikakatwa na kuungwa na kila fundi aliyeigusa. Pikipiki mpya ina garantii na mwenye kuiuza atajibu. Kuukuu haina wa kuijibia ila wewe na fundi wako.

Si zamani sana ambapo swali hili lisingekuwepo Ukambani. Pikipiki zilizojulikana vijijini zilikuwa za maafisa wa kilimo na wa afya, kama Yamaha AG100, ambazo zilikuwa za kiki tu. Duniani kwingine stata ilikuwa imeingia mapema: Charles Kettering alitengeneza ya gari mwaka 1911, Cadillac za 1912 zikatoka nayo, na Honda wakaiweka kwenye kipikipiki chao kidogo cha C102 mwaka 1960. Kwetu ilikuja na wimbi la pikipiki za India na China lililofuata serikali ya Kenya kupunguza kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008. Wengi waliichukulia kama urembo, na hadi leo wako wanaoiona hivyo. Mimi sikubaliani nao. Anayebeba abiria wawili na gunia juu ya kilima cha Mbooni, injini ikamzimia katikati ya mwinuko, hana mguu wa kupigia kiki. Miguu yote miwili iko chini inashikilia mzigo. Hapo kidole gumba ndicho kinachomwokoa.

Vilima hivyo hivyo ndivyo pia vinavyoficha ugonjwa. Mtu wa Kilungu au Mbooni anaweza kuishi na betri mfu msimu baada ya msimu. Anaegesha kwenye mteremko, asubuhi anaweka gia ya pili, anabana klachi, anaiacha pikipiki ishuke yenyewe, anaachia klachi na injini inashika. Haoni sababu ya kwenda kwa fundi. Siku akipata mzigo wa Kibwezi, au akivuka mto Athi kuelekea Ikutha na Mutomo, anakuta nchi imelala na mchanga umejaa. Hakuna mteremko wa kumsaidia. Na kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshakwama: kwenye pikipiki nyingine cheche ya plagi hutoka kwenye magneto moja kwa moja, lakini nyingine huitegemea betri. Kwa hizi za pili, betri ikiisha kabisa, hata kiki na kusukumwa huenda visisaidie.

Tuifuate njia ya umeme kabla ya kushika spana, kwa maana ziko njia mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni nyembamba. Inatoka kwenye betri, inapita kwenye fyuzi, inaingia swichi ya ufunguo, inakwenda hadi kitufe cha stata, na kabla ya kufika kwenye rilei inapita kwa walinzi wawili au mmoja: swichi ya nyutro na swichi ya klachi. Umeme wake ni mdogo. Kazi yake ni kuiamrisha rilei tu. Njia ya pili ni nene: waya mnene kutoka betri hadi rilei, mwingine mnene kutoka rilei hadi stata, kisha umeme unarudi kwenye betri kupitia chuma cha injini na waya wa ethi. Hii ndiyo inayobeba mzigo, na kwa pikipiki ndogo mzigo huo waweza kufika ampea 40 au zaidi kwa zile sekunde chache za kuzungusha injini. Njia nyembamba ikikatika, kitufe kinabaki bubu. Nene ikiwa na kasoro, utasikia kitu fulani, na hicho unachokisikia ndicho kitakuelekeza.

Kwa hiyo fundi mwenye uzoefu huanza na masikio. Sikiliza mazungumzo ya kawaida ya karakana ya Emali, kijana amefika na boksi mkononi:

"Mzee, stata imeisha. Nimekuja na mpya, nifungie tu."

"Iweke hapo kando kwanza. Fungua swichi upige honi nisikie."

Honi ikilia kwa nguvu na taa ya breki ikawaka vizuri, betri ina angalau uhai kidogo. Honi ikikoroma, umepata pa kuanzia. Kisha bonyeza kitufe. Ukisikia mlio mmoja wa "tap" kutoka chini ya kiti au ubavuni na kimya kifuate, rilei imeitikia amri lakini umeme mnene haufiki au haupiti: angalia vituo vya ndani vya rilei, waya mnene, ethi, au kaboni za stata. Ukisikia "ta-ta-ta-ta-ta" ya haraka, betri ni dhaifu au kichwa chake kimelegea; rilei inashika, mzigo unaiangusha volti, rilei inaachia, volti inapanda, inashika tena. Ukipata kimya kabisa, kosa liko kwenye njia nyembamba, na hapo kuifungua stata ni kupoteza mchana. Na ikiwa stata inazunguka kwa kasi ikipiga mluzi huku injini haisogei, umeme hauna kosa hata kidogo, nitaifikia baadaye.

Tuseme ni kimya. Anza na yasiyogharimu kitu. Swichi nyekundu ya kuzimia injini iko upande gani? Watoto huichezea pikipiki ikiwa imeegeshwa. Taa ya kijani ya nyutro imewaka kweli, au unadhani tu gia iko katikati? Bana klachi mpaka mwisho ubonyeze tena. Sukuma pikipiki mbele na nyuma kidogo. Tikisa ufunguo ndani ya swichi huku umebonyeza kitufe. Swichi iliyoning'inizwa mafungu ya funguo za nyumba, za duka na za kufuli kwa miaka mingi hulegea ndani. Baada ya hapo angalia fyuzi, tena usiiangalie kwa macho peke yake. Kuna fyuzi iliyopasuka mahali usipopaona.

Kitufe chenyewe kinastahili kufunguliwa. Barabara ya Kibwezi hadi Kitui sasa ina lami, lakini ukiiacha kwa kona moja tu uko kwenye vumbi jekundu laini linaloingia kila mahali. Ndani ya kitufe kuna vipande viwili vya shaba vinavyopaswa kugusana. Vumbi likichanganyika na jasho la mkono na mvua ya Novemba, shaba inavaa ngozi nyeusi. Msasa laini, kitambaa kikavu, kisha irudishe. Kuwa mwangalifu na kispringi kidogo kilichomo. Kikiruka kwenye mchanga hutakiona tena.

Njia nyembamba inapimwa kwa chombo ambacho kila fundi anaweza kujitengenezea: bulbu ya indiketa ya volti 12 iliyofungwa nyaya mbili. Upande mmoja ufunge kwenye chuma safi cha injini, wa pili uguse waya mmoja mmoja kwa kufuata safari ya umeme. Kwenye fyuzi bulbu inawaka. Baada ya swichi ya ufunguo, inawaka. Baada ya kitufe, ukikibonyeza, haiwaki. Basi kosa liko kwenye kitufe, na hujatoa hata shilingi. Zingatia tu kwamba kwenye pikipiki nyingine swichi ya nyutro na ya klachi zimewekwa upande wa ethi wa rilei. Hapo umeme utaifikia rilei vizuri na bado isiitikie, kwa kuwa mlango wa kutokea umefungwa.

Njia nene haipimwi kwa bulbu. Hapa ndipo mafundi wengi wanapodanganyika. Waya ulioliwa nusu bado utawasha bulbu kwa mwanga mzuri, kwa sababu bulbu haiombi kitu. Ukiutaka ubebe ampea 40, unazidiwa. Unahitaji mita ya volti, ile ya mia chache za shilingi inayouzwa kwenye maduka ya umeme ya Kitui mjini. Weka ncha moja kwenye kichwa cha chanya cha betri na nyingine kwenye bolti ya stata ambako waya mnene unafungwa, kisha mwenzako abonyeze kitufe. Mita ikisoma chini ya nusu volti, njia ni safi. Ikisoma volti moja, mbili, kuna mahali umeme unaliwa, na ukihamisha ncha hatua kwa hatua, waya wa kwanza, rilei, waya wa pili, utapashika. Fanya hivyo hivyo upande wa ethi, kutoka kichwa cha hasi hadi mwili wa stata. Huko hata theluthi ya volti ni nyingi. Ningetaka kila karakana ya boda ijue kipimo hiki kabla ya kingine chochote. Kinachukua dakika chache na kinamaliza ubishi.

Ethi ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Pikipiki imepakwa rangi upya ili ipendeze, fundi wa rangi hakukwangua pale waya wa ethi unapofungwa, na sasa bolti imekaa juu ya rangi. Au fremu ilichomelewa baada ya ajali na waya ukaachwa ukining'inia kwa nyuzi tatu. Fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu, paka grisi juu.

Sasa betri, maana ukweli ni kwamba mambo mengi huishia kwake. Betri ya volti 12 iliyojaa, iliyolala usiku mzima bila kazi, husoma volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.4 imepungua robo hivi. Ikisoma 12.0 karibu imekwisha, ingawa mwenyewe ataapa kwamba ina "volti kumi na mbili kamili". Ibonyeze stata huku mita iko kwenye vichwa: isishuke chini ya 9.6. Ikianguka hadi 7 au 6, ama haikuchajiwa ama imezeeka.

Ukambani betri haizeeki kwa umri peke yake. Joto ndilo adui wake wa kwanza. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza maisha ya betri ya risasi kwa karibu nusu, na pikipiki inayoshinda juani kwenye stendi ya Mtito Andei, injini yake moto chini ya betri, haina pa kupumzikia. Maji yanapungua. Asidi haipungui. Kwa hiyo anayeongeza asidi anaiunguza betri yake kwa mkono wake. Kinachotakiwa ni maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli, na hapa nasema kwa mkazo kwa watu wa Kitui kusini: maji ya visima virefu vya Mutomo na Ikutha yana chumvi. Ng'ombe wanayanywa, lakini betri haiyawezi. Madini yake hubaki kwenye sahani za risasi na kuziua. Kama betri yako ni ile iliyofungwa isiyoongezwa maji, usiifungue kwa bisibisi kutafuta tundu.

Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri ni asidi iliyotoka. Magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe, yakikorogwa kwenye maji ya uvuguvugu huutuliza. Utaona povu likifurika na kisha kunyamaza. Funga vizibo vyote kwanza yasiingie ndani. Suuza, kausha, piga msasa, funga, paka Vaseline.

Wengine betri zao ni nzima na bado kila jioni zimechoka. Fanya hesabu hii. Kuwasha mara moja kwa sekunde 3 kwa ampea 40 ni sawa na ampea 1 kwa dakika 2. Ikiwa magneto ya pikipiki yako, baada ya kulisha taa na cheche, inabakiza ampea 1 kwa betri, kila kuwasha kunahitaji dakika 2 za safari ya maana, tena si za kusimama injini ikinguruma polepole. Mwendesha boda wa mjini Wote anayetoka stendi hadi hospitali na kurudi, akizima na kuwasha kila abiria, anaukaribia ukingo. Mwongezee spika mbili za muziki, taa za rangi chini ya injini, na sehemu ya kuchajia simu za abiria, ile ampea 1 haipo tena. Anachota kisimani na harudishi. Sisemi aache muziki. Abiria wengine humchagua kwa sababu yake. Nasema ajue nani anaulipia.

Pima chaji kwa kuweka mita kwenye betri injini ikiwa imepandishwa kidogo: 13.5 hadi 14.5 ni sawa. Ikibaki chini ya 13, chaji haifiki. Ikipita 15, rekitifaya imeharibika au ethi yake ni mbovu, na betri mpya utakayoweka itachemka kama ya zamani. Kama huna umeme wa kuchajia nyumbani, paneli ndogo ya sola ya wati 10 hutoa zaidi kidogo ya nusu ampea jua likiwa kali, ambayo inaifaa kabisa betri ya pikipiki ya ampea saa 5 au 7, mradi upitishe kwenye kidhibiti chaji.

Turudi kwenye stata. Umehakikisha betri ni nzima, nyaya ni safi, na bado unapata ule mlio mmoja na kimya. Weka nyutro, angalia hakuna petroli inayovuja karibu, kisha unganisha bolti mbili nene za rilei kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki. Zitatoa cheche, usishtuke na usikawie. Stata ikizunguka, rilei ndiyo mgonjwa. Isipozunguka, gonga mwili wa stata taratibu kwa mpini wa nyundo huku kitufe kimebonyezwa. Ikizinduka na kuzunguka, kaboni zimeisha. Na hapo ndipo unapopata sababu ya kuifungua.

Ndani yake kuna kaboni zinazosukumwa na springi kwenye duara la shaba. Kaboni ikiwa fupi, springi haifiki tena, na unga mweusi umejaa kila pembe, pamoja na mchanga wa mito ya Tiva na Thua kama pikipiki imezoea kuvuka drifti zenye maji. Pangusa kwa kitambaa chenye petroli kidogo, nje, mbali na moto. Shaba ipigwe msasa laini sana kwa kuizungusha, kisha usafishe vijifereji vilivyo kati ya vipande vyake. Pima kwa mita: kati ya kipande na kipande umeme upite, kati ya shaba na mhimili wa chuma usipite kabisa. Ukipita, waya wa ndani umeungua na hapo stata mpya ni haki yake. Kaboni zenyewe huuzwa peke yake, kwa bei ndogo sana ukilinganisha na stata nzima, ingawa muuzaji asipoulizwa hatakuambia.

Kuna ugonjwa mwingine unaowachanganya watu: asubuhi inawaka vizuri, adhuhuri baada ya kupanda kilima cha Nzaui inakataa, jioni inakubali tena. Shaba ikipata joto upinzani wake huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Stata iliyobandikwa kwenye injini moto, ikiongezeka nyuzi 50, inapoteza karibu moja ya sita ya uwezo wake wa kupitisha umeme. Iliyo nzima haijali. Iliyochoka inaanguka hapo hapo. Kwa hiyo ipime ikiwa moto, usiipime asubuhi.

Ile stata inayozunguka huku injini imetulia ni klachi ya stata, kale kagurudumu ka ndani kenye roli na springi kanakoshika upande mmoja na kuachia mwingine. Kwenye nyingi kako upande wa magneto. Kukafikia ni kumwaga oili, kufungua kifuniko na kuivuta magneto kwa kivutio chake, si kwa nyundo. Kwa pikipiki iliyokaribia kuuzwa, yenye kiki nzima, sioni ubaya mtu kuiacha hivyo. Kazi hiyo huungana vizuri na siku nyingine ya kuifungua injini.

Mwisho kuna lile swali la betri inayokufa pikipiki ikiwa imelala. Zima ufunguo, toa waya wa hasi, weka mita upande wa ampea kati ya waya huo na kichwa cha betri, na usithubutu kugusa kitufe cha stata mita ikiwa hapo, la sivyo utaiunguza. Isomeke karibu sifuri. Ikionyesha kitu cha maana, anza kuchomoa kimoja kimoja vitu ambavyo havikuja na pikipiki kutoka kiwandani: alamu, soketi ya simu, taa za rangi, amplifaya. Waya wa amplifaya mara nyingi fundi wa muziki huuchukua moja kwa moja kwenye betri bila kuupitisha kwenye swichi, ili nyimbo zisikatike ufunguo ukizimwa. Uhamishie upande wa pili wa swichi, uuwekee fyuzi yake, na upime tena kesho yake kabla ya kuwasha.